Mnyanya wa Ndani Ukigeuka Njano: Jinsi ya Kujua Kama ni Njaa, Joto au Baridi

Picha ninayoletewa mara nyingi kuliko zote ni moja: mnyanya uliooteshwa chini ya taa, majani ya chini yamegeuka njano, na kando ya chungu kuna chupa ya mbolea iliyokwisha nusu. Baada ya wiki inakuja picha ya pili. Sasa kingo za majani zimeungua, kilele kimesinyaa, na mwenye mmea anauliza aongeze mbolea gani nyingine.

Asiongeze yoyote. Katika picha nyingi za namna hii chakula kimo tele ndani ya chungu, ila mizizi imekaa kwenye baridi, au pH (kipimo cha uasidi; ikipanda, uasidi umepungua) imepanda, au maji yamejaa mpaka mizizi inakosa hewa. Jani linaonyesha njaa wakati mlango wa chakula umefungwa. Mbolea inayomiminwa hapo haiingii mmeani. Inabaki kwenye udongo kama chumvi na kuunguza mizizi.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja, nami nakusihi usiuruke: wadudu na maji kwanza, kisha joto, kisha pH na chumvi, halafu jani lenyewe. Mbolea inakuja mwisho kabisa. Viwango nilivyoandika ni vya nyanya na pilipili. Mimea mingine ya ndani ina viwango vyake, ila mpangilio wa uchunguzi ni huu huu.

## Vifaa vya kuandaa

- Kipimajoto cha hewa kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini kabisa kwa saa 24, na ikiwezekana kinachopima unyevu wa hewa pia.
- Kipimajoto chenye sindano cha kuchomeka kwenye udongo. Kile cha jikoni kinatosha.
- Kipima pH, pamoja na maji yake ya kukirekebishia ya pH 4 na pH 7.
- Kipima EC, yaani kipimo cha wingi wa chumvi kwenye maji.
- Lenzi ya kukuza mara 10 au zaidi.
- Karatasi nyeupe, kisahani kipana, kikombe cha kupimia, kipande cha uzi, daftari.

Kipimajoto cha miale, kile unachokielekeza kwenye jani bila kuligusa, ni kizuri ukiwa nacho lakini si lazima.

Kipima pH nakisisitiza kwa sababu ndicho watu wanachokiruka. Karatasi za kubadilika rangi ni ngumu kusoma kati ya 6 na 7, na hapo ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Ukishanunua kipima chako, ncha yake isikae kavu, wala usiiache ndani ya maji ya kawaida. Ihifadhi kwenye maji yake maalumu. Ncha iliyokauka inatoa namba bila wasiwasi wowote, na namba hizo ni za uongo.

Usinunue kirutubisho chochote kwanza.

## Hatua ya 1: Sitisha mbolea, tazama mmea kwenye mwanga mweupe

Kuanzia leo mpaka hatua ya 6 mmea unapata maji matupu. Ukiendelea kulisha huku unachunguza, hutajua kilicholeta mabadiliko.

Zima taa ya kuoteshea, hasa kama ni ya rangi ya zambarau. Chini ya mwanga huo jani la njano na jani la kijani hafifu yanafanana, na picha utakayopiga haitamsaidia yeyote. Tumia mwanga wa dirishani au taa nyeupe ya kawaida. Piga picha tano: mmea mzima, jani la chini, jani la katikati, jani changa la juu kabisa, na upande wa chini wa jani lenye tatizo.

Kisha andika majibu ya maswali mawili. Tatizo lilianzia kwenye majani makukuu au machanga? Njano imeenea jani zima, imekaa kati ya mishipa, au iko kingoni tu?

Umefaulu ukiweza kuyajibu yote mawili bila kusema "nadhani". Kama tatizo liko kila mahali, rudi kwenye picha za zamani za simu yako utafute jani lililoanza.

## Hatua ya 2: Ondoa wadudu na maji kwenye orodha ya washukiwa

Utitiri ananyonya upande wa chini wa jani na kuacha vitone vidogo vya njano vilivyotapakaa. Kwa mbali, jani hilo linaonekana kama lina upungufu wa magnesiamu. Shika karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge mara mbili tatu, subiri kidogo, kisha tazama kwa lenzi. Vumbi halitembei. Ukiona vitone vinavyotembea, au utando mwembamba kwenye kona za mishipa, tatizo lako ni wadudu, na mbolea haina kazi hapo. Vithiripi wao huacha michirizi ya rangi ya fedha yenye vidoa vyeusi vya kinyesi.

Jani lenye mabaka ya kijani kibichi na kijani hafifu yaliyochanganyika ovyo, na umbo lake limepinda, huenda lina virusi. Mmea huo utenge na mingine na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mwingine. Virusi vya mimea havina dawa.

Sasa maji. Nyanyua chungu usikie uzito wake, kisha chomeka kidole kina cha sentimita 4 hivi. Mmea ulionyauka huku chungu ni chepesi una kiu. Mmea ulionyauka huku chungu ni kizito unazama: mizizi imekosa oksijeni, haivuti maji ingawa imezungukwa nayo. Majani yake ya chini hugeuka njano kama ya mmea uliokosa nitrojeni, na hili ndilo kosa la utambuzi ninalolikuta zaidi kuliko jingine lolote.

Kama huna uhakika, toa mmea taratibu kwenye chungu uitazame mizizi. Yenye afya ni myeupe au ya rangi ya maziwa, imara. Iliyooza ni ya kahawia, laini, gamba lake linachomoka ukilivuta, na inanuka.

Onyo: mmea uliozama usiupe chochote, hata "dawa ya mizizi". Uache ukauke mpaka chungu kiwe chepesi, hakikisha matundu ya chini yako wazi, na mwaga maji yote yaliyotuama kwenye kisahani.

## Hatua ya 3: Pima joto mahali patatu, kwa saa 24

Hii ndiyo hatua ninayotaka uikalie zaidi. Watu husema "chumba changu kina nyuzi 24" baada ya kutazama kipimajoto cha ukutani mara moja, mchana. Mmea hauishi ukutani. Una joto la hewa inayouzunguka, joto la jani, na joto la mizizi, na hivi vitatu vinaweza kupishana sana.

Hewa. Ning'iniza kipimajoto usawa wa majani ya juu, ukifunike kwa kikofia cha karatasi nyeupe kilicho wazi chini. Bila kivuli hicho, taa inapasha kipimajoto chenyewe moto na unapata joto la plastiki. Kiache usiku na mchana, kisha andika kiwango cha juu na cha chini. Nyanya inataka nyuzi 21 hadi 27 za Selsiasi taa ikiwa imewashwa, na 16 hadi 18 ikiwa imezimwa. Pilipili inapenda joto kidogo zaidi.

Jani. Kama una kipimajoto cha miale, elekeza kwenye jani lililo karibu na taa. Chini ya taa za sodiamu, zinazotoa joto jingi, jani linaweza kuwa na joto kuliko hewa. Chini ya LED mara nyingi liko chini kidogo ya joto la hewa. Kama huna, weka kiganja usawa wa jani la juu kwa nusu dakika. Kiganja chako kikishindwa kuvumilia, jani limeshashindwa zamani.

Mizizi. Chomeka sindano katikati ya chungu asubuhi kabla taa haijawaka, kisha tena jioni. Lenga nyuzi 18 hadi 24.

Onyo: zima umeme kabla ya kusogeza taa au feni. Kila waya upitishwe kwa namna ambayo sehemu yake ya chini kabisa iko chini ya soketi, ili tone la maji lianguke sakafuni badala ya kuingia ndani.

### Dalili za joto kali

Majani ya nyanya yanajikunja kingo kwenda juu kama mtumbwi, mara nyingi yakiwa bado ya kijani. Maua yanapukutika bila kufunga tunda, kwa sababu chavua huharibika mchana ukipita takriban nyuzi 32, au usiku ukibaki na joto kali. Mmea wa namna hii hauna njaa. Nyanyua taa sentimita 10, washa feni ipeperushe majani polepole, utoe hewa ya moto nje. Unaweza pia kuhamishia saa za taa usiku chumba kikiwa na ubaridi.

Kuna jambo la LED linalowachanganya wengi: jani la juu kabisa linapauka hadi kukaribia weupe, ilhali hewa ni ya wastani na kiganja hakiumii. Hapo mwanga ndio uliozidi. Majani yaliyo chini yake au pembeni yakiwa mazima, nyanyua taa au punguza nguvu yake.

### Dalili za baridi

Upande wa chini wa majani unageuka zambarau, ukuaji unadumaa, shina linakuwa jembamba. Vitabu vitakwambia ni upungufu wa fosforasi, na ni kweli kwamba fosforasi haijafika kwenye jani. Lakini chini ya nyuzi 15 au hivi, mizizi inaivuta kwa shida hata ikiwa imejaa kwenye udongo.

Hili lilinipotezea sinia zima la miche ya pilipili. Hewa ilikuwa nyuzi 22, nikaridhika, nikawa naongeza mbolea yenye fosforasi kila baada ya siku tatu. Nilipokuja kupima udongo alfajiri, ulikuwa nyuzi 13, kwa sababu sinia lilikaa moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji. Nililiinua kwa ubao, zambarau ikakoma kwenye majani mapya, lakini mingi ilikuwa imeshaungua kwa chumvi nilizorundika mwenyewe. Mizizi ya chungu kidogo hufuata joto la kitu kilichokalia, kwa hiyo inua chungu kutoka sakafuni kabla ya jambo jingine lolote. Mkeka wa joto utumie ule wenye kidhibiti, ukiwekwa nyuzi 22 hadi 24.

Rangi ya zambarau peke yake haitoshi kuhukumu. Mwanga mkali nao huweza kuwapa miche rangi hiyo. Kama udongo una nyuzi 20 na mmea unakua vizuri, uache.

Kwa wanaootesha kwenye maji bila udongo, tazama upande wa pili. Maji ya nyuzi 20 yanabeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 yanabeba kama 7.5, wakati mizizi yenyewe inahitaji zaidi na vijidudu vya kuozesha vinastawi. Maji yasipite nyuzi 24.

### Kuoza kitako ni suala la maji

Tunda la nyanya au pilipili likipata baka jeusi, lililobonyea, upande wa chini, watu hukimbilia kununua kalsiamu. Kalsiamu inasafiri ndani ya mmea kwa kubebwa na maji, na ikishatua kwenye jani haihami tena. Hewa ikiwa na joto na ukavu, majani yanavuta maji yote na tunda linapitwa. Chungu kikikauka kabisa kisha kikafurikishwa, safari ya kalsiamu inakatika. Hewa ikiwa nzito na imetuama, mmea hautoi jasho, na kalsiamu inabaki chini.

Ndiyo maana unyevu wa hewa wa asilimia 60 hadi 70, feni ndogo, na kumwagilia kwa kiasi kilekile kila mara hutibu kuoza kitako kuliko chupa. Tunda lililokwisha kuoza halitapona; likate ili nguvu iende kwa mengine.

Umefaulu kwenye hatua hii ukiwa na namba sita kwenye daftari: hewa juu na chini, udongo asubuhi na jioni, jani (au maelezo ya kiganja), na unyevu. Kama namba yoyote imetoka nje ya viwango, irekebishe na usubiri siku tano kabla ya kuendelea. Wengi wataishia hapa, mmea ukiwa mzima.

## Hatua ya 4: Pima maji yanayotoka chini ya chungu

Kupima maji unayomwagilia kunakwambia ulichotia. Yanayotoka chini yanakwambia mizizi inaogelea ndani ya nini.

Rekebisha kwanza kipima pH kwa maji ya 7, kisha ya 4. Mwagilia chungu mpaka kiloe vizuri, subiri saa moja, mwaga yaliyo kwenye kisahani. Sasa mimina juu polepole kikombe kidogo cha maji yasiyo na chumvi, kinga kama mililita 50 yanayotoka, upime pH na EC.

Kwa makumbi ya nazi na michanganyiko isiyo na udongo, pH iwe kati ya 5.5 na 6.5. Kwa udongo wa kawaida, kati ya 6.0 na 6.8. Ikipanda juu ya 7, chuma, manganizi na zinki vinajifunga katika hali ambayo mizizi haiwezi kuvivuta, hata vikiwemo kwa wingi. Maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, hupandisha pH kidogo kidogo mwezi baada ya mwezi.

EC inasomwa kwa milisimensi kwa sentimita. Miche inatosheka na 0.8 hadi 1.2, mnyanya unaozaa huvumilia 2.0 hadi 3.5. Ukikuta yanayotoka yamezidi sana yale uliyotia, chumvi imelundikana, na ncha za majani zilizoungua ndizo ushahidi. Isafishe kwa kupitisha maji yenye pH sahihi mara mbili hadi tatu ya ujazo wa chungu, polepole, yatoke yote.

Onyo: kishushio cha pH ni asidi. Vaa glavu na miwani, na siku zote mimina asidi ndani ya maji. Kinyume chake huruka usoni. Usijaribu kushusha pH kutoka 7.5 hadi 6 kwa siku moja. Fanya kwa umwagiliaji wa mara tatu au nne.

## Hatua ya 5: Sasa lisome jani

Kama joto, maji, pH na EC viko sawa na mmea bado unaumwa, hapo ndipo upungufu wa kweli unapowezekana. Virutubisho vingine mmea unaweza kuving'oa kwenye jani kukuu na kulipelekea changa. Vingine vikishafika havitoki. Ndiyo maana umri wa jani ni muhimu kuliko rangi yake.

Yakianza majani makukuu:

Nitrojeni: jani zima linakuwa njano kwa usawa, mishipa na yote, likipanda kutoka chini. Jani moja au mawili ya mwisho kabisa, yaliyo kivulini, yakizeeka ni jambo la kawaida.

Magnesiamu: mishipa inabaki kijani, katikati yake panakuwa njano. Potasiamu nyingi huzuia magnesiamu isiingie, basi mbolea ya maua iliyozidishwa inaweza kuwa ndiyo chanzo.

Potasiamu: kingo zinakauka na kuwa kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni. Fosforasi: tazama tena hatua ya 3.

Yakianza majani machanga:

Chuma: kilele ni cha njano angavu, mishipa myembamba ya kijani imebaki kama wavu. Manganizi hufanana nayo, ila njano si kali na mara nyingi kuna vidoa. Salfa hufanya jani changa zima kuwa la kijani hafifu. Kalsiamu na boroni hupindisha na kuua ncha zenyewe.

Majani ya kijani kizito mno, yaliyopinda kwenda chini kama kucha, yana nitrojeni iliyozidi. Yape maji matupu.

## Hatua ya 6: Rekebisha jambo moja tu

Funga uzi kwenye jani changa kuliko yote leo. Kila kitakachoota juu ya uzi ndicho kitakachokuhukumu.

Nitrojeni: anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mbolea kamili. Magnesiamu: yeyusha gramu 10 za salfeti ya magnesiamu kwa lita moja, nyunyizia majani taa ikiwa imezimwa, rudia baada ya wiki. Chini ya taa iliyowashwa matone hukauka upesi na kuacha chumvi juu ya jani. Potasiamu: badili mbolea uchukue yenye potasiamu zaidi, kwa kipimo kamili, bila kuchanganya mbili.

Chuma: shusha pH kwanza. Kama bado unakihitaji, tumia cheleti, yaani chuma kilichoshikiliwa ndani ya kiungo kinachokizuia kisijifunge udongoni, na usome aina yake. EDTA inafanya kazi vizuri pH ikiwa chini ya 6.5 hivi; EDDHA inastahimili pH ya juu zaidi.

## Hatua ya 7: Subiri, kisha hukumu kwa majani mapya

Kilele chenye upungufu wa chuma huanza kurudisha kijani ndani ya siku 4 hadi 7. Nitrojeni huchukua kama wiki. Kingo zilizoungua hazitarudi kuwa kijani kamwe, kwa hiyo usizitumie kupima maendeleo.

Umefaulu kama majani matatu yaliyoota juu ya uzi yana rangi moja, ukubwa wa kawaida na ncha nzima, hata kama ya chini bado yanatia huruma. Hapo ndipo uondoe yaliyokufa, mawili au matatu kwa mara moja, kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti.

Zikipita siku 14 na majani ya juu ya uzi bado ni mabovu, usiongeze dozi wala usibadili chupa. Chomeka tena sindano ya kipimajoto kwenye udongo, alfajiri, kabla taa haijawaka.